Picha za pamoja za harusi: ngazi za kanisa, lokesheni au ukumbini?

Kuna albamu moja niliyoikabidhi huku naangalia pembeni. Maharusi wametoka vizuri mno: ufukweni, shela linapepea, koti la bwana harusi begani. Shida ilikuwa ukurasa mmoja wa katikati. Pale yuko mama mzazi wa bwana harusi, aliyetoka Rombo kwa Coaster ya kukodi, amevaa kitenge kipya cha sherehe, na uso wake ni wa zambarau. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa taa za rangi, na hiyo ndiyo picha pekee aliyopigwa pamoja na mwanawe siku ile. Kanisani tuliondoka mbio kuwahi jua, ndugu wakapandishwa gari moja kwa moja hadi ukumbini. Nilihangaika na rangi ile siku mbili kwenye kompyuta, nikashindwa, mwishowe nikaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe nikasema ni ubunifu. Hakuna aliyenilaumu, lakini ninajua mwenyewe.

Tangu hapo, kabla hatujafika kwenye bei, nawauliza maharusi: mama atapigwa picha wapi, na saa ngapi?

Nazungumzia picha za kupozi tu, zile za kusimama, kupangwa na kuambiwa "tazama hapa". Machozi ya baba, vigelegele vya shangazi na mtoto aliyelala chini ya meza huja vyenyewe, kazi ya mpiga picha ni kuwa macho. Picha ya kupozi haiji yenyewe. Isipopewa mahali pake na dakika zake kwenye ratiba, itapigwa popote kutakapobaki nafasi, na mara nyingi kinachobaki ni ukumbi wenye taa za zambarau.

Nitalinganisha sehemu nne ambako picha hizi hupigwa, nikichukua harusi ya kawaida ya Dar es Salaam: Jumamosi, ibada saa 8 mchana, ukumbini saa 1 usiku. Harusi za nikahi zina hesabu yake, nitazifikia.

Kwanza saa ya jua

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi. Mei na Juni huwahi kuzama, mwishoni mwa Januari na Februari huchelewa. Na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, likishazama halina mazungumzo. Dakika ishirini na ushee, giza.

Sasa piga hesabu. Ibada ya saa 8 huanza saa 8 na robo, maana bibi harusi bado yuko kwenye foleni. Mnatoka kanisani saa 10 jioni hivi. Mpaka jua lizame mna saa mbili na dakika chache kama ni Juni, au karibu saa tatu kama ni Februari. Tofauti hiyo ya dakika arobaini ndiyo inayoamua kama mnaweza kwenda lokesheni ya mbali au hamwezi. Wengi huchagua ufukwe kwanza, kisha ndipo wanaangalia tarehe. Anza na tarehe.

Kabla ya ibada

Asubuhi ina mambo yake mazuri. Bibi harusi na mama yake mbele ya dirisha, dada akifunga kamba za shela mgongoni, bwana harusi na kaka zake wakigombania tai. Zima taa ya chumba, fungua pazia, msogeze bibi harusi dirishani: huo ni mwanga laini kuliko taa yoyote nitakayobeba. Hapa ndipo penye picha ya bibi mzaa mama ambaye magoti hayamruhusu kwenda kanisani. Kama yupo mtu wa namna hiyo, picha yake ipigwe asubuhi, msisubiri jioni.

Lakini usiweke orodha ndefu hapa. Saluni za Dar hazijawahi kumtoa bibi harusi saa iliyoandikwa kwenye ratiba, na kila dakika inayopotea kwenye mekapu inakatwa kwenye picha, haikatwi kwenye mekapu.

Siku hizi wapo wanaotaka waonane kabla ya ibada, wamalize picha zao zote mapema, kama walivyoona kwenye video za Marekani. Kwa mtu anayefunga ndoa London mwezi Desemba ni akili kubwa, kwa sababu huko jua linazama kabla ya saa 10 jioni na akisubiri kutoka kanisani atapigwa picha gizani. Kwetu hesabu ni kinyume. Ukitaka kumaliza kabla ya ibada ya saa 8, unapiga picha saa 6 mchana. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana la Dar hupita utosini kabisa. Kivuli kinashuka wima, macho yanazama, maharusi wanaonekana kama waliopigana. Juu ya hapo kuna jasho, na kuna wazee ambao watakuuliza bwana harusi amemuonaje mke kabla ya padri. Ibada ikiwa saa 4 asubuhi, kukutana mapema hakufai kabisa, hakuna muda. Mimi huwashauri waache.

Ngazi za kanisa

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na sitajifanya sina upande.

Mara tu baada ya ibada, watu wote mnaowahitaji wako ndani ya hatua hamsini. Wamevaa, hawajatoka jasho la kucheza, tai bado zimenyooka, watoto hawajalala, baba mkubwa hajaanza kuuliza bia iko wapi. Ngazi zenyewe zinakupangia watu: wa nyuma juu, wa mbele chini, hakuna haja ya kuwaambia warefu wainame. Na kama mlango mkuu unatazama mashariki au kusini-mashariki, saa 10 jioni ngazi zote ziko kivulini huku anga lililo wazi mbele likiwamulika watu kwa upole. Huo ndio mwanga unaotenda haki kwa ngozi yetu na shela jeupe kwa pamoja. Juani kamera inachanganyikiwa: ukiokoa maua ya shela, uso wa bwana harusi unakuwa kiza, ukiokoa uso, shela linakuwa karatasi. Kivulini vyote viwili vinakaa.

Mlango ukitazama magharibi, mambo yanageuka. Jua la saa 10 linawapiga watu machoni, wote wanafinya nyuso kama wanakula ukwaju. Hapo usingʼangʼanie ngazi. Zunguka ubavuni mwa kanisa, tafuta ukuta ulio kivulini. Nenda kaangalie Jumamosi moja kabla, saa ileile, hata kwa simu. Ni safari ya bodaboda tu.

Ubaya wa ngazi ni fujo. Tarumbeta zinalia, kila mtu anataka kumkumbatia bibi harusi, gari la maharusi limeshaanza kupiga honi, na mara nyingi kuna harusi nyingine inayofuata, kundi lao limeshasimama getini linawatazama kwa jicho la "malizeni". Kwenye parokia zinazofungisha ndoa za pamoja mnaweza kuwa jozi tano za maharusi mnaogombea ngazi moja. Dawa yake ni kuuliza mapema: katekista au mzee wa kanisa akuambie ndoa inayofuata ni saa ngapi, na wapi panaruhusiwa kusimama. Muulize pia mpiga picha anaruhusiwa kufika wapi wakati wa ibada, kwa sababu makanisa hayafanani, na padri akikufukuza mbele ya altare hata picha za ngazini zinaharibika, maana umeshapoteza uso.

Halafu simu. Nikiwapanga watu ishirini, nyuma yangu wanasimama wengine kumi na simu zao, na kwenye picha kila mtu anatazama simu ya ndugu yake. Sijawahi kushinda vita hivyo kwa kukataza. Nasema kwa sauti: "Tatu zangu kwanza, halafu nawapisha." Wanakubali, na nawapisha kweli.

Kuhusu idadi ya kubonyeza, kuna jambo linalochekesha lakini ni la kweli. Mwaka 2006 Nic Svenson na Piers Barnes wa CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia, walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaokuchekesha kwanza kisha ukufikirishe, kwa kukokotoa unahitaji picha ngapi ili upate moja ambayo hakuna aliyefumba macho. Kanuni yao ya mkato kwa kundi lisilofika watu 20: gawanya idadi ya watu kwa tatu mwanga ukiwa mzuri, kwa mbili ukiwa hafifu. Watu 12 kivulini nje, picha nne. Watu 12 ukumbini, sita. Nimeifuata miaka mingi na haijanitupa, isipokuwa kwa wale wajomba ambao hufumba macho kwa makusudi wakidhani wanacheka.

Lokesheni

Neno lenyewe limeshakuwa Kiswahili: "tunaenda lokesheni". Maana yake maharusi, wasimamizi na wapambe wanatoroka kwa saa moja kwenda ufukweni, bustanini au hotelini, na wageni wote wanaenda kusubiri ukumbini.

Kwa picha za wawili, hakuna pa kulinganisha. Kuanzia saa 11 jioni mwanga umelala, una rangi ya asali, na maharusi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wako peke yao, bega zinashuka. Ila kila mahali pana tabia yake, na afadhali uijue kabla ya kulipa kiingilio.

Coco Beach, kama fukwe zetu nyingi za Dar na zile za Nyali kule Mombasa, inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini, na jioni linazama nyuma yako, upande wa mji. Anayetaka machweo juu ya maji akae Forodhani, Zanzibar, ambako pwani inatazama magharibi. Coco utapata mwanga laini wa jioni na bahari ya buluu nyuma ya maharusi, jambo zuri tu, lakini duara jekundu la jua halitakuwemo. Nimeona bibi harusi akilia kwa hilo.

La pili ni maji. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari yetu hujaa karibu saa 10 alasiri. Ndiyo saa ileile mnayotoka kanisani. Mkifika saa 11 mchanga bado mwembamba, mawimbi yanalamba viatu, na kila aliyeleta watoto kuogelea amebanwa kwenye ukanda uleule na nyinyi. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, hali ni tofauti. Tazameni kalenda ya mwezi au muulizeni mvuvi yeyote, atawajibu bila kufikiri. La tatu ni upepo: miezi ya kusi shela refu linageuka tanga, hivyo mpambe mmoja kazi yake iwe kulishika hadi nitakaposema achia.

Bustani ya Mimea ya pale Samora, iliyoanzishwa mwaka 1893 enzi za Wajerumani, ina miti mikubwa na kivuli cha kutosha hata saa 9 mchana, na kwa anayefunga ndoa katika makanisa ya Kivukoni ni karibu mno kiasi kwamba foleni haikugusi. Tahadhari yake ni rangi. Mwanga uliochujwa na majani huwa wa kijani, na shela jeupe huupokea wote. Simama pembezoni mwa kivuli, uso uelekee penye anga wazi. Hoteli ni salama zaidi, zina vyoo na pa kupanguza jasho, lakini nyingi hutoza kwa kupiga picha hata kama hamjala hata sambusa. Na mtu akiwaambia ataleta droni, mwulizeni kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Droni bila kibali inaweza kuwamalizia jioni yenu kituoni.

Kosa ninalolipinga kwa nguvu zote ni kupeleka picha za familia lokesheni. Inaonekana wazo zuri: kwa nini wazazi wasipigwe nao baharini? Kwa sababu gari la wazazi litakwama kwenye foleni ya Mwenge. Kwa sababu mama amevaa viatu vya kisigino kwenye mchanga. Kwa sababu shangazi wawili hawakuambiwa na watanuna mpaka ubatizo wa mtoto wa kwanza. Familia ipigwe kanisani, lokesheni iwe ya wawili na wanaowasimamia.

Ukumbini

Nilishasema habari za zambarau. Taa za kupambia kumbi siku hizi zinatoa rangi moja kali, na uso uliomulikwa kwa rangi moja hauna taarifa nyingine ndani yake ya kurudisha. Programu yoyote utakayotumia itabahatisha tu. Watu wamekula, wamecheza, wametoka jasho, MC anaangalia saa. Mkisema "tutapiga za familia ukumbini", mmesema hamtapiga.

Hata hivyo kuna watu ambao ukumbi ndio mahali pao. Kamati ya harusi, kwa mfano. Watu waliokesha kwenye vikao na kufuatilia michango kwa miezi, wakashona na sare, mara nyingi kanisani hawakufika wote kwa sababu walikuwa wanapokea vinywaji na kugombana na mpambaji. Wasipopata picha ya heshima na maharusi ni deni. Wafanyakazi wenzenu, mliosoma nao, wanakwaya, majirani wa zamani, hao wote wako ukumbini na hapo ndipo wapigwe. Keki ya wazazi pia ni picha ya kupozi kwa namna yake: maharusi wanapiga magoti, wanakabidhi, wanasimama sekunde kumi wakitazama kamera. Mwambieni MC asiwakimbize hapo.

Njia iliyonisaidia ni hii. Naomba kona moja karibu na mlango, mbali na jukwaa, yenye ukuta mweupe au pazia la rangi tulivu, naweka taa zangu mbili. Au namwomba fundi taa aweke nyeupe tupu kwa dakika kumi na tano kabla maharusi hawajaanza kuingia kwa mbwembwe. Kumwomba papo hapo ni kazi bure, atakuambia mfumo umeshapangwa. Aambiwe na mwenyekiti wa kamati, na aambiwe siku anapolipwa.

Siku nyingine

Wapo wanaorudi siku ya pili au wiki inayofuata kupiga za wawili bila haraka. Inawezekana, mradi mkumbuke kwamba mnalipa tena mekapu na pengine kukodi shela tena. Si jambo geni: wazee wetu wengi walivaa nguo zao za harusi wakaenda studio, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa, wakapigwa picha moja. Studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa mwaka 1930, imewapokea watu wa namna hiyo vizazi kwa vizazi. Kwa wawili, sawa. Ukoo wa Rombo hautarudi wiki ijayo.

Kwa ufupi wa kubandika ukutani:

| Mahali | Nani anapatikana | Mwanga | Kinachoharibu | Pigeni hapo |
|---|---|---|---|---|
| Nyumbani asubuhi | Mama, dada, wasioweza kusafiri | Dirisha, mzuri | Saluni | Bibi harusi na mama, wazee wagonjwa |
| Ngazi za kanisa | Familia zote mbili | Mzuri kukiwa na kivuli | Harusi inayofuata, simu | Familia yote |
| Lokesheni | Maharusi, wasimamizi, wapambe | Bora kabisa baada ya saa 11 | Foleni, maji kujaa | Wawili tu, kisha wasimamizi |
| Ukumbini | Kila mtu | Mbaya bila maandalizi | Taa za rangi, jasho, MC | Kamati, marafiki, kazini |

Nairobi hesabu hii hubadilika. Harusi nyingi kule hufanyika bustanini, ibada na chakula mahali pamoja, hivyo ndugu hawatawanyiki na hakuna msafara wa kuwatenganisha. Hapo ngazi za kanisa na lokesheni vimekuwa kitu kimoja. La kuangalia ni chakula tu, kwa sababu mstari wa pilau ukishaanza hakuna atakayesimama kwa picha.

Kwenye nikahi

Hapa hakuna ngazi za kuwakutanisha. Bwana harusi anaozwa na walii wa bibi harusi, kwa kawaida baba yake, mbele ya mashahidi, mara nyingi msikitini, bibi harusi akiwa nyumbani. Kwa hiyo picha muhimu zinagawanyika mara mbili tangu mwanzo. Msikitini: bwana harusi na joho na kilemba chake, akiwa na sheikh, walii na mashahidi, halafu baba yake na wajomba barazani. Wanaume hutawanyika upesi baada ya halua na kahawa, basi mpiga picha asiende kunywa kahawa yeye kwanza. Nyumbani: bibi harusi na mama, mikono yenye hina na piko ikimulikwa kutoka ubavuni ili michoro isimame, na ile saa bwana harusi anapoingia, anamshika mkewe kichwani na kumuombea dua. Hiyo ya mwisho hairudiwi. Picha ya pamoja ya wazazi wote wanne ipangwe mara tu baada yake, palepale, kabla watu hawajageukia sinia.

Shughuli za wanawake, kupamba kwa Mombasa na Lamu na kwa Zanzibar pia, ni ulimwengu mwingine. Mabuibui yamevuliwa, simu zinashikiliwa mlangoni, na mpiga picha lazima awe mwanamke. Wengi wanaishia hapo. Mimi ningeuliza zaidi: nani atakayezihariri picha? Zitachapishwa wapi, na nani anasimama kwenye mashine? Nimesikia familia iliyoajiri dada wa kupiga picha, kisha kadi ya kumbukumbu ikahaririwa na kijana wake wa ofisini. Andikeni kwenye makubaliano kwamba kazi yote, mwanzo hadi albamu, itakuwa mikononi mwa wanawake, na kwamba hakuna hata picha moja itakayowekwa Instagram kama tangazo.

Orodha, na nani wa kuita majina

Nikiachiwa mimi, ngazini napiga makundi kumi na mawili, dakika arobaini. Padri au mchungaji na maharusi kwanza, dakika mbili, kwa sababu ana ibada nyingine. Babu na bibi wa pande zote, dakika nne, maana hawatembei haraka. Wazazi wote wanne, mbili. Wazazi wa bibi harusi, mbili. Wa bwana harusi, mbili. Kaka na dada wa kila upande, tatu tatu. Shangazi, wajomba, baba wakubwa na wadogo, mama wakubwa na wadogo, kila upande dakika tano. Ukoo wote kwa pamoja, saba, kisha wanaachiwa wapande magari. Wanabaki wasimamizi, mbili, na wapambe, tatu, ambao hata hivyo tunakwenda nao lokesheni. Maharusi hawasogei, watu ndio wanabadilishana.

Mtaona wasimamizi wana picha yao peke yao. Hao si wa kushika maua tu; ndio mtakaowapigia simu mwaka wa pili mkigombana.

Orodha hii haifai kuandikwa na mpiga picha, kwa sababu hajui yaliyomo ndani ya familia. Hajui kwamba baba na mama waliachana na hawajasimama bega kwa bega tangu 2009. Hajui kwamba mama aliyelea si mama aliyezaa na wote wawili wamekuja. Hajui kwamba baba amefariki na baba mkubwa ndiye aliyepokea mahari, kwa hiyo yeye ndiye wa kusimama pale pa baba, na asimame kwanza, asiitwe mwishoni pamoja na wajomba. Mambo hayo bibi harusi na bwana harusi wayaseme kwa faragha, wiki moja kabla. Penye wazazi walioachana, andikeni "baba na maharusi" na "mama na maharusi" kama makundi mawili tofauti, bila maelezo. Hakuna atakayeuliza. Ukisubiri ngazini useme "wazazi karibuni", utawaona wawili wanatazamana na kila mmoja anarudi nyuma hatua moja, na kamera inaona.

Wa kuita majina asiwe MC, yuko ukumbini anajaribu spika. Asiwe mpambe, yeye anashughulika na shela. Awe mtu wa familia mwenye sauti, anayewajua wote kwa sura, na asiyeogopa kumwambia mjomba "bado zamu yako". Kwa kawaida kila upande una shangazi wa namna hiyo. Chukueni wawili, mmoja kila upande, wapeni orodha kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana simu itaisha chaji au itatumika kupiga picha. Shangazi wa upande mmoja akiita, wa upande wa pili anakusanya kundi linalofuata pembeni. Hilo peke yake linaokoa dakika kumi.

Na mtu aweke viti viwili vya plastiki kwenye buti ya gari la kamati, vyeupe, bila nembo ya soda. Bibi atakapofika ngazini asiambiwe asubiri kidogo huku watu wanakimbia kumtafutia pa kukaa.